Kabla hujasema "mjini wanauana", piga hesabu hivi

Mdogo wangu alipotaka kwenda Dar kuuza mitumba, mama alikataa katakata: "Kule wanauana." Sisi tupo Ng'ambo, Tabora mjini. Nikashusha kalenda ukutani, nikaigeuza, nikachukua kalamu. Ukibishana na wazee wako, nawe fanya hivyo.

Gawanya idadi ya waliouawa mwaka huo kwa idadi ya watu wa eneo, kisha zidisha kwa 100,000. Idadi ya watu ichukue kwenye Sensa ya 2022: Mkoa wa Dar es Salaam 5,383,728, Mkoa wa Tabora 3,391,679. Tuseme, kwa mfano tu, Dar wameuawa 200: unapata 3.7, yaani waliouawa kwa kila watu 100,000. Tabora wakiuawa 150, unapata 4.4. Lakini mtaani watakaozungumzwa ni wale 200.

Sasa shuka kijijini, maana huko ndiko wengi hujikwaa. Kata ya watu 12,000 akiuawa mmoja, hesabu inaruka hadi 8.3. Mwakani asipouawa mtu, sifuri. Kata ni ileile! Kwa hiyo kusanya miaka mitano: kama waliuawa wawili, gawanya kwa 60,000, yaani 12,000 mara tano, kisha zidisha kwa 100,000, inakuja 3.3. Anayekuletea kijiji kwa mwaka mmoja, mwache aendelee na safari yake.

Angalia pia mtu kaandikwa wapi. Aliyekatwa panga Sikonge akafia hospitali ya mjini ni wa Sikonge. Na ajali za bodaboda zitoe kabisa.

Halafu uliza anauawa nani. Huku Unyamwezini, kama Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti macho mekundu. Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu hivyohivyo. Miaka nenda rudi alipuliza kuni mbichi kwenye jiko lisilo na dirisha. Bibi kama huyo na kijana anayerudi usiku kutoka Kariakoo hawaogopi kitu kimoja, ila wastani wa mkoa unawaweka kapu moja.

Usilihukumu jiji kwa habari za zamani pia. New York mwaka 1990 waliuawa zaidi ya watu 2,200; mwaka 2017 walikuwa 292, na wakazi walikuwa wameongezeka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama kalenda yake iliyochafuliwa, akauliza nauli ya treni ni shilingi ngapi.