Linki imekufa? Ifufue

Umetumiwa makala tamu kwenye grupu la WhatsApp, ukibonyeza unaambiwa ukurasa haupo. Nakili hiyo linki, nenda web.archive.org, ibandike kwenye kisanduku cha juu. Kama ukurasa uliwahi kuhifadhiwa, itatokea kalenda yenye viduara. Bonyeza tarehe mojawapo usome ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Ghala hili ni la Internet Archive ya San Francisco, wanaohifadhi kurasa tangu 1996. Hata mabaki ya GeoCities, huduma ya zamani ya watu kujitengenezea tovuti zao, ambayo Yahoo waliifunga 2009, yamo humo: rangi za kuumiza macho, vijipicha vinavyochezacheza, raha tupu! Nawe ukikuta kitu adimu, kihifadhi kwanza pale palipoandikwa "Save Page Now", halafu tuma linki ya nakala. Posti za Facebook mara nyingi hazishiki. Hizo piga skrinishoti tu.