Namna ya Kutumia Kitenzi “Kuapa” na Jamaa Zake

Anayetaka kukitumia vyema kitenzi “kuapa” na aanze kwa kujiuliza ni nani atakayepatwa na balaa iwapo neno lililotamkwa si la kweli. Mwenye kuapa hujiweka rehani mwenyewe: humwita Mungu, au kitu anachokicha, awe shahidi wake na amwadhibu akisema uongo. Mwenye kuapiza humwelekezea mtu mwingine balaa hilo. Vitenzi vyote viwili vimechipuka katika mzizi mmoja, na watoto wanaolamba kidole na kukipitisha shingoni ili waaminiwe hulieleza jambo hili vizuri kuliko kamusi, kwa kuwa kiapo chao ni apizo walilojielekezea wenyewe.

“Naapa” huandikwa kwa neno moja, wala si “na apa” kama inavyoonekana katika jumbe za simu, na kile kinachoitwa kuwa shahidi hutanguliwa na “kwa”: ameapa kwa jina la Mungu. Ugumu huanzia kwenye “kuapia”, kwa sababu umbo hilo hubeba mambo matatu. Ukisema “ameapia msahafu”, msahafu ndio shahidi. Ukisema “alimwapia mkewe kwamba hatarudia”, mke ndiye aliyepewa ahadi. Lakini “amemwapia jirani yake”, likiachwa hivyo bila maelezo, msomaji anaweza kulisikia kuwa ni tishio la kumkomesha jirani. Katika Mwanzo 25, Yakobo anamtaka Esau amwapie kabla ya kumwuzia haki ya mzaliwa wa kwanza, na hakuna anayepotea kwa kuwa kisa chenyewe kimeshaeleza. Pasipokuwa na kisa cha kueleza, ni afadhali kuongeza kishazi cha “kwamba” kuliko kumwacha msomaji akisie.

“Kuapisha” ni kumtamkisha mwingine kiapo. Tarehe 19 Machi 2021 Jaji Mkuu Ibrahim Juma alimwapisha Samia Suluhu Hassan. Basi Samia aliapa, au aliapishwa. Mwandishi aliyeandika kwamba siku ile “Rais ameapisha” alikosea, ingawa sentensi hiyo hiyo ni sahihi siku Rais anapowapokea mawaziri wapya Ikulu. Tukio lenyewe huitwa uapisho. Umbo la kuangaliwa zaidi ni “kujiapisha”, lililovuma baada ya Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wa Kenya, kula kiapo cha kuwa “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru, Nairobi, tarehe 30 Januari 2018. Aliyesema “alijiapisha” alikuwa amekwisha kuikana shughuli ile, na aliyesema “aliapishwa” alikuwa ameikubali, hata kama kila mmoja alidhani anaripoti tu. Mwandishi ajue upande aliouchukua kabla ya kuchagua kiambishi.

Kwa upande wa nomino, kiapo huliwa, huvunjwa na hukiukwa. Tunasema “kula kiapo”, na wenye kupenda neno la Kiarabu husema “kula yamini”. Katika habari za Mau Mau za miaka ya 1950 utakuta pia “kulishwa kiapo”, na hapo kitenzi hakikuwa sitiari tupu, kwa kuwa nyama ililiwa kweli katika sherehe zile. Mahakamani na ofisini neno ni “hati ya kiapo”, inayosainiwa mbele ya kamishna wa viapo. Ukiandika “barua ya kuapa” karani atakuelewa, lakini atakuona mgeni wa shughuli hiyo.

Viapo vya mazungumzo, kama “wallahi” na “haki ya Mungu”, vimechakaa kwa matumizi, hata wengine wamebuni “haki ya nani” ili kulikwepa jina takatifu. Katika maandishi rasmi viache, isipokuwa unanukuu. Mwislamu mcha Mungu huvikwepa pia kwa sababu nyingine: Kurani, katika sura ya 5, aya ya 89, inasema mtu hashikwi kwa viapo vya upuuzi bali kwa vile alivyovikusudia, na anayevunja kiapo cha namna hiyo ana kafara, kama kuwalisha maskini kumi, au kufunga siku tatu asipoweza. Injili ya Mathayo 5 inakataza kuapa kabisa.

Kuhusu laana, “kuapiza” na “kulaani” havibadilishani nafasi siku hizi. Serikali “hulaani vikali” shambulio, maana yake hulishutumu; ukiandika kwamba serikali imeapiza, wasomaji watacheka, kwa kuwa kuapiza bado ni kuomba dhara limshukie mtu, kama afanyavyo mzazi aliyeudhiwa na mwanawe. Anayesomewa Albadiri kwa sababu ya wizi ameapizwa, hajatukanwa. Kutukana ni jambo jingine kabisa, na anayetafsiri kutoka Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hubeba kuapa na kutukana, asije akamfanya mlevi anayemwaga matusi barabarani aonekane anakula kiapo. Kipimo kizuri ni Mathayo 26, Petro anapomkana Yesu: tafsiri ya Kiswahili inasema alianza kulaani na kuapa, vitenzi viwili kwa mambo mawili, na hakuna tusi hata moja.