Bibi yako ni wa Ukraine? Anza na kijiji, jina la ukoo baadae

Kama kwenu babu alienda kusoma Kyiv, Kharkiv au Odesa enzi za Usovieti akarudi Dar na mke wa huko, basi upande mmoja wa ukoo wenu upo kwenye vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na vifo, na vingine unavisoma ukiwa Sinza na bando lako tu. Usianze kwa kugugo jina la ukoo. Najua ndo tunachokimbilia wote, ila vitabu vile vingi havina orodha ya majina, vimepangwa kwa parokia, so jina bila kijiji halikufikishi popote.

Kijiji unakipata kwa bibi mwenyewe kama bado yupo, kaa nae, mrekodi kwenye simu, muulize walikuwa wanasali wapi na wamezikwa wapi. Kama hayupo tafuta begi la nyaraka. Cheti cha kuzaliwa cha Kisovieti kina mahali alipozaliwa na majina ya wazazi wote wawili, na jina la katikati ni dhahabu, akiwa Ivanivna babake ni Ivan, alafu jina la katikati la huyo Ivan linakupa babu wa bibi, yani umeshapanda vizazi viwili hujatoka hata nje. Andika na wilaya na mkoa maana vijiji vinavyoitwa Ivanivka vipo kibao, na vijiji vidogo visivyo na kanisa walienda kubatizia kijiji jirani.

Kumbuka bibi wa miaka ya 40 humkuti kwenye kitabu cha kanisa, Wasovieti walihamishia usajili serikalini baada ya mapinduzi ya 1917. Unayemtafuta kule ni mzazi wake au babu yake. Ila magharibi, iliyokuwa chini ya Poland, kanisa liliendelea kuandika miaka ya 20 na 30. Vitabu vya serikali navyo hukaa kwenye ofisi ya usajili miaka 75 ndo vinapelekwa hifadhi ya nyaraka za taifa.

Sasa jiulize kijiji kilikuwa chini ya nani. Poltava, Chernihiv, Kyiv zilikuwa dola ya Urusi, Waorthodoksi, kitabu kwa Kirusi chenye sehemu tatu, waliozaliwa, waliooana, waliokufa. Kiliandikwa nakala mbili, moja ilibaki parokiani na nyingine ilienda makao ya dayosisi, so moja ikipotea ulizia ya pili. Tarehe ni za kalenda ya zamani, za karne ya 19 ongeza siku 12, kuanzia Machi 1900 ongeza 13. Lviv na Ternopil zilikuwa Galicia, chini ya Austria tangu 1772, wengi Wakatoliki wa Kigiriki (si Wagiriki, ni Waukraine walio chini ya Papa ila ibada zao ni za mashariki), na vitabu vingi ni vya Kilatini. Huko napapenda kuliko kote kwasababu kuanzia 1784 waliandika hadi namba ya nyumba, unaifuata nyumba moja unaona watu wanazaliwa humo, wanaolewa, wanakufa, hata jina likiandikwa hovyo bado unajua ni wao. Mykola utamkuta Nikolai kwa Kirusi, Nicolaus kwa Kilatini, ni mtu yuleyule.

Picha za vitabu zipo FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, akaunti ni bure, tafuta kwa mahali. Zingine haziwezi kufunguka nyumbani mpaka uende kwenye kituo chao. Cheki pia Wikisource ya Kiukraine, kuna sehemu ya nyaraka imejaa skani. Kila kitabu kina anwani ya namba tatu, fond (mkusanyo), opys (orodha ndani yake), sprava (faili lenyewe), ziandike zote, kwa mfano Wakatoliki wa Kigiriki wa Galicia wapo fond 201 kwenye hifadhi kuu ya nyaraka za historia Lviv. Kama ukoo ni wa Podillia, kusini magharibi mwa Ukraine, jiandae kukuta mapengo, hifadhi ya nyaraka ya mji wa Kamianets-Podilskyi iliungua 2003.

Mwandiko wa padri utakutesa mwanzoni, soma kurasa kadhaa za kijiji hichohicho bila kutafuta mtu, majina ya koo yanajirudia na jicho linazoea. Na wasimamizi wa ubatizo usiwaruke kabisa, mara nyingi ni shangazi, mjomba au jirani, ukikwama kwa baba wao ndo watakutoa. Mwaka ukikosekana upande wa Waorthodoksi omba orodha za waumini walioungama, zinataja kaya nzima na umri wa kila mtu. Barua pepe kwa hifadhi iwe fupi, kwa Kiukraine, utaje jina, kijiji, dini na miaka unayoitaka.