Kupambwa Kama Nyota wa K-pop na Kupiga Picha Studio Ukiwa Seoul: Mwongozo kwa Ngozi na Nywele Zetu

Mimi ni mpambaji. Nilianza na mabibi harusi Dar es Salaam. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasindikiza dada zetu, na kaka wachache, wanaofika Seoul wakitaka siku moja ya kupambwa kama nyota wa K-pop na kupigwa picha studio.

Picha yangu mwenyewe ya kwanza ya aina hii ilikuwa na kila kitu kizuri: taa, nguo, nywele. Nikamtumia mama kwa WhatsApp. Alinyamaza kitambo, kisha akaandika, "Mwanangu, huyu nani?" Studio ilikuwa imeing'arisha ngozi yangu na kuichonga pua bila kuniuliza. Hawakuwa na nia mbaya. Kwao kusafisha picha ni sehemu ya huduma, na mkono wao umezoea kuanza na weupe. Lakini iliniuma, na tangu hapo kila mteja wangu nampitisha kwenye hatua hizi. Utaona kwamba nyingi ni za kabla hujakaa kwenye kiti.

Hatua ya 1: Chagua mwonekano, tafuta picha tatu

Studio za Seoul hufanya kazi kwa "konsepti", yaani wazo zima la picha: sare ya shule, nguo za jukwaani zenye vimetameta, koti la ngozi ya mnyama la rangi nyeusi na macho yenye wanja mkali, au hanbok, vazi lao la asili. Chagua moja, ukizidi mbili. Anayetaka nne huishia kukimbizana na saa na kutoka na picha za uso uliochoka.

Kisha andaa picha tatu za mfano: moja ya nywele, moja ya uso, moja ya taa na ukuta wa nyuma. Ile ya uso iwe ya mtu mwenye ngozi kama yako. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanapeleka picha ya nyota Mkorea mweupe na mpambaji analazimika kubahatisha rangi hizo zitakaaje kwako. Mimi huwa natumia picha za Fatou wa kundi la BLACKSWAN, mzaliwa wa Senegal aliyekulia Ubelgiji na kuanza kazi ya K-pop mwaka 2020. Wapambaji wa Korea wakiziona tu wanaelewa: kumbe wanja huu na midomo hii inawezekana kwenye ngozi hii bila kuibadilisha.

Hatua ya 2: Panga siku

Pasipoti ya Tanzania au Kenya inahitaji viza ya Korea, na ubalozi wao upo Dar es Salaam na Nairobi. Anza mapema, na usilipe studio pesa yote kabla viza haijatoka. Ndege ya Ethiopian inaunganisha Addis Ababa na Incheon, kiwanja cha ndege cha Seoul. Wengine hupitia Dubai au Doha.

Usipige picha siku ya kwanza wala ya pili. Uso uliokaa ndegeni usiku kucha huvimba chini ya macho, na Korea ipo mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo asubuhi yao mwili wako bado uko usingizini. Siku ya tatu ni nzuri. Majira nayo yana neno: Julai ni mvua na unyevu, wigi na nywele zilizonyooshwa hulegea ukivuka barabara tu, Januari ni baridi kavu inayochuna midomo, basi kunywa maji na upake mafuta ya mgando kila usiku.

Hatua ya 3: Andika ujumbe wa kuweka nafasi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote.

Mitaa ya kutafuta ni Cheongdam, upande wa Gangnam, wanakopambwa wasanii wenyewe na ambako bei ni ya juu. Na Hongdae au Seongsu, kwenye studio ndogo za vijana zenye bei nafuu. Kuna sehemu ambazo saluni na studio ziko chini ya paa moja, na kuna ambazo unapambwa mtaa mmoja kisha unachukua teksi kwenda mwingine. Kwa mgeni, chagua paa moja.

Nafasi nyingi huwekwa kwa Instagram au KakaoTalk, programu ya ujumbe wanayoitumia Wakorea. Andika kwa Kiswahili, tafsiri kwa programu ya Google Translate, na ukipata jibu lizungushe lirudi Kiswahili uone kama mmeelewana. Ambatisha picha yako ya sasa: huna vipodozi, umesimama karibu na dirisha, hakuna kichujio, nywele zikionekana zilivyo. Usitume ile ya sherehe. Kisha uliza haya yote kwa ujumbe mmoja:

"Nina ngozi ya kahawia iliyokolea na nywele za kipilipili. Je, mna fandesheni ya rangi yangu, au nije na yangu? Bei inajumlisha nywele, kope za bandia na nguo? Ni nguo ngapi? Nitapewa picha ngapi zilizosafishwa, na zile ghafi nazo nitapewa? Tafadhali msibadilishe rangi ya ngozi yangu wala umbo la pua na midomo."

Hilo la mwisho liandike hata kama unaona aibu. Likishakuwa kwenye maandishi, siku ya kazi huna haja ya kubishana na mtu. Na jinsi wanavyolijibu itakuonyesha tabia yao. Studio moja ilimjibu mteja wangu kwa swali, "Kwa nini hutaki kuwa mweupe?" Tukatafuta nyingine.

Jambo dogo ambalo limewaangusha watu: saa. Ukiambiwa 10:00, hiyo ni saa nne yetu asubuhi. Kwenye ujumbe usiandike "saa 4", maana tafsiri italeta 4:00 na utawekewa nafasi ya jioni. Andika tarakimu kama zilivyo kwenye simu. Na ukichelewa, dakika zako zinakatwa. Mteja anayekufuata hasubiri. Kuhusu malipo, uliza kama kadi ya nje inakubaliwa kwa kianzio, kwa sababu baadhi hutaka uhamisho wa benki ya Korea. Bakshishi si desturi yao.

Hatua ya 4: Beba rangi yako, maliza nywele mapema

Fandesheni nyingi za Korea zina namba, na zile utakazokuta kwenye kila droo ni 21 na 23. Zote mbili ni nyeupe kwetu. Mambo yameanza kubadilika: mwaka 2024 TIRTIR, kampuni ya vipodozi ya Korea, iliongeza rangi za fandesheni yake ya kopo jekundu hadi zikafika zenye weusi wa kutosha, baada ya wanawake weusi kulisema wazi mtandaoni. Hata hivyo droo ya mpambaji uliyempata siyo duka. Beba fandesheni yako, poda yako, na rangi ya kufunika weusi chini ya macho. Vitatu hivyo vinatosha, vingine wanavyo.

Nywele, nisikilize vizuri. Mafundi wengi wa huko hawajawahi kushika nywele za kipilipili. Wana mikono ya dhahabu, ila wamezoea nywele zilizonyooka, na pasi ya moto iliyopangwa kwa nywele hizo inaweza kuziunguza zako. Usimwachie mtu ajifunzie kichwani mwako siku uliyolipia. Una njia tatu. Ya kwanza, nenda umesuka: rasta nyembamba zilizofungwa juu mafungu mawili ni mwonekano wa K-pop kabisa. Ya pili, wigi jeusi lililonyooka lenye nywele chache zinazodondoka kwenye paji, zile nyembamba zinazoacha ngozi ionekane. Hiyo ndiyo alama yao kubwa. Livae ukiwa hotelini, wao wamalizie ncha. Ya tatu, pitia kwanza Itaewon, mtaa wenye saluni za Waafrika, siku moja kabla.

Kwa dada zangu wanaovaa hijabu, inawezekana vizuri sana. Omba mpiga picha mwanamke. Wao husema "yeoja jakga". Beba mitandio miwili ya satini isiyo na maua, kwa sababu kitambaa kinachoteleza hupokea taa kama nywele zinavyopokea. Msikiti mkuu wa Seoul upo Itaewon, na chakula cha halali kimeuzunguka.

Viatu vya studio vimepimwa kwa milimita, 230 au 240, na ukiwa na mguu mkubwa hutapata. Njoo na vyako. Nguo nazo hukatwa kwa miili midogo. Uliza vipimo kwa sentimita, na beba gauni moja jeusi la akiba. Lenzi za macho za rangi usiazime kwa mtu yeyote. Nunua zako kwenye duka la miwani.

Hatua ya 5: Kwenye kiti

Fika uso mtupu, umekula, umevaa shati la vifungo ili usilivute kichwani baada ya kupambwa. Mpambaji mwite "seonsaengnim", yaani mwalimu. Wanalipenda, na mimi naona ni haki yao.

Sasa tazama kazi. Kwanza anakufunika uso kwa karatasi yenye maji ya kulainisha. Kisha anaweka fandesheni kidogo mno, anaigonga kwa sifongo, anangoja, anagonga tena. Sisi kwa bibi harusi tunajaza mara moja, wao wanajenga tabaka kwa tabaka hadi ngozi ing'ae kama imetoka kuoshwa. Nyusi zinachorwa karibu na kunyooka. Wanja ni mwembamba, wa kahawia, mkia wake unashuka kidogo badala ya kupanda.

Halafu kinakuja kile kinachoitwa "aegyo sal", kile kinyama kidogo kinachojitokeza chini ya jicho ukicheka. Anakwambia utabasamu, anapaka rangi ya kung'aa juu yake, kisha anachora mstari wa kivuli chini yake, mwembamba kama unywele. Hapa ongea. Rangi wanayoitumia siku zote ni nyeupe yenye uwaridi, na kwetu inageuka majivu, unaonekana mgonjwa. Omba ya dhahabu au ya shaba, na kivuli kiwe cha chokoleti. Mashavu vilevile: waridi hafifu halionekani au linaacha vumbi, omba zambarau ya zabibu au nyekundu inayoelekea chungwa. Nimemwona fundi mmoja akibadilisha rangi hiyo ya chini ya jicho, akarudi nyuma hatua mbili, akaita wenzake waje kuona. Mteja wangu alikuwa anang'aa.

Kope za bandia hazibandikwi mkanda mzima. Zinakatwa vipande vya nywele tatu nne, zinashikwa kwa kibano na kubandikwa kimoja kimoja, juu na chini. Tazama chini, usifinye macho, utachoka shingo kidogo. Mwisho midomo: rangi kali katikati, pembeni inafutwa kwa kidole ili isiwe na mpaka.

Kabla hujanyanyuka, piga picha kwa simu yako karibu na dirisha. Kioo cha saluni kina taa zake, kinadanganya. Shingo na uso vilingane.

Hatua ya 6: Mbele ya kamera

Mpiga picha atahesabu "hana, dul, set", moja, mbili, tatu. "Teok" ni kidevu, "eokkae" ni bega, "oenjjok" kushoto, "oreunjjok" kulia. Ukijua hayo manne hutakodoa macho kumtafuta mkalimani.

Baada ya picha tano za kwanza omba kuziona. Kamera iliyopangwa kwa mtu mweupe mbele ya ukuta mweupe hukufanya kivuli, na mpiga picha akija kuongeza mwanga kwenye kompyuta baadaye, rangi ya ngozi inapauka. Mwombe asogeze taa karibu yako sasa hivi, au abadilishe ukuta uwe wa kijivu au wa rangi. Dakika mbili tu, na picha zote zilizobaki zinapona.

Hatua ya 7: Kuchagua na kusafisha

Utakaa naye mbele ya skrini. Chagua taratibu. Kusafisha wanaita "bojeong", na picha ghafi ni "wonbon". Akianza tu, mwambie: "Pibu-ton-eun geudaero hae juseyo", yaani rangi ya ngozi iache ilivyo. Kisha inyooshee kidole pua, "ko", na useme tena "geudaero", yaani ilivyo. Chunusi iliyoota jana mwache aifute, na unywele uliopotea njia auondoe. Alama ya kuzaliwa, mwanya wako, chanjo ya bega, hivyo ni vyako. Sema kwamba vinabaki. Usiondoke bila kuiona angalau picha moja iliyokamilika, na uulize siku ambayo nyingine zitatumwa.

Ukitoka usikimbilie kunawa. Nenda Hongdae na vipodozi vyako, uingie kwenye kibanda cha picha nne kinachotoa karatasi ndefu, wanachokiita "insaeng necut". Hakuna anayekusafisha humo. Usiku hotelini toa lenzi kwanza, kisha loweka kope kwa pamba yenye mafuta na uhesabu hadi 30 kabla ya kuvuta, zitatoka zenyewe bila kung'oa zako.

Picha ya pili niliyomtumia mama ilikuwa moja ya zile nne za kibandani. Safari hii alipiga simu hapohapo, akataka kujua zile rasta amenisuka nani.