Kutunza okidi mwaka mzima: tazama mizizi kabla ya kushika birika

Okidi nyingi zinazokufa nyumbani huuawa na maji. Jani linalegea, mwenyewe anadhani mmea una kiu, anamwagilia. Kumbe mizizi imeshaoza na haiwezi tena kunyonya. Jani linazidi kulegea, naye anazidi kumwaga maji. Mmea wangu wa kwanza ulikwenda hivyo. Nilipoutoa chunguni, mizizi ilikuwa ya kahawia na teketeke, nikiivuta ngozi inachomoka na kuniachia uzi mtupu mkononi. Tangu siku hiyo sishiki birika kabla ya kutazama mizizi.

Hatua ya 1: Jua okidi yako huota wapi

Zipo zinazoota juu ya miti, kama Phalaenopsis, Cattleya na Dendrobium nyingi. Hizi hulishikilia tawi kwa mizizi tu, hazinyonyi utomvu wa mti. Virutubisho huvipata katika maji ya mvua na majani yanayooza kwenye nyufa za magome. Ndizo zinazofaa ndani ya nyumba. Halafu zipo za ardhini zinazostahimili baridi: Bletilla striata, Dactylorhiza, na Cypripedium ambayo ua lake lina mfuko kama ncha ya kiatu. Kundi hili hukauka majani na kulala chini ya udongo majira ya baridi yote.

Usiyachanganye makundi haya mawili. Cypripedium ikiwekwa sebuleni penye joto haipati usingizi wake, na kila mwaka huchipua dhaifu zaidi mpaka inapotea. Phalaenopsis ikisahaulika nje usiku wa kugandisha, asubuhi utayakuta majani yamelainika kama mboga iliyochemshwa.

Hatua ya 2: Chungu na vya kupandia

Kwa okidi za mitini, udongo wa bustani ni marufuku. Tumia vipande vya magome ya msonobari vya ukubwa wa sentimita 1 hadi 2, uchanganye na mkaa kidogo. Loweka magome usiku kucha kabla ya kupanda, maana yakiwa makavu maji huteleza tu juu yake. Chagua chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye matundu mengi, na kisiwe kikubwa: kiitoshee mizizi tu.

Hamisha kila baada ya miaka 2 hivi, magome yanapoanza kuwa kama unga. Wakati mzuri ni baada ya maua kuanguka, ukiona ncha mpya za mizizi zinachomoza. Kata iliyooza kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Mizizi inayoning'inia nje ya chungu iache. Haijapotea njia, ndivyo ilivyozoea kuishi.

Hatua ya 3: Maji

Fanya jaribio hili mara moja, utaelewa kila kitu. Chukua mmea uliokauka, tafuta mzizi wa rangi ya fedha, udondoshee tone la maji. Ndani ya muda mfupi rangi ya fedha inafifia na kijani kinaenea kama wino kwenye karatasi. Mzizi umevikwa tabaka la sponji liitwalo velameni: likiwa kavu limejaa hewa na huonekana jeupe, likilowa linapitisha mwanga na ukijani wa ndani unaonekana.

Basi mizizi ikiwa kijani, ondoka. Ikiwa ya fedha, na chungu ukikiinua ni chepesi, mwagilia mpaka maji yatiririke kwenye matundu, kisha acha yachuruzike yote. Usiache maji kwenye kisahani. Maji ya mvua ndiyo bora. Vipande vya barafu, ambavyo watu hupenda kushauri, mimi sivikubali kwa mmea wa msitu wa joto.

Mwagilia asubuhi. Yakiingia katikati ya majani ya Phalaenopsis, yafyonze kwa karatasi laini. Mmea huu hukua kwa ncha moja tu, na kitovu hicho kikioza mara nyingi ndio mwisho wake.

Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tena wakati mmea unakua tu. Kila mara ya nne mwagilia maji matupu ili kuosha chumvi.

Hatua ya 4: Mwanga

Dirisha la mashariki linatosha kwa Phalaenopsis. Cattleya, na Cymbidium ambayo nayo ni okidi ya kufugwa chunguni, zinataka mwanga zaidi. Majani ya kijani kilichokoza sana yanalilia mwanga. Yakigeuka manjano na wekundu, vuta pazia jembamba.

Hatua ya 5: Fuata msimu

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mmea una afya, majani yanang'aa, ua halipo mwaka wa pili wala wa tatu, na mwenyewe anaongeza mbolea. Kinachokosekana ni usiku wa ubaridi. Phalaenopsis huanza kutoa shina la maua ikikaa wiki kadhaa chini ya nyuzijoto 25 hivi, na nyumba yenye joto lilelile mwaka mzima hainyimi kitu kingine ila hicho. Kiangazi kikiisha, isogeze kwenye chumba chenye ubaridi, usiku uwe nyuzi 16 hadi 18. Baada ya hapo chunguza chini ya majani kila siku chache. Ncha ya mzizi ni ya mviringo na laini. Ncha ya shina la maua imechongoka upande, kama glavu ya mtoto yenye kidole gumba. Ukishaiona, usiugeuzegeuze mmea, kwa sababu shina hufuata mwanga na maua yatatazama huku na kule.

Cymbidium hupenda kukaa nje kiangazi chote na kuonja usiku wa nyuzi 10 hadi 14. Iingize kabla ya baridi ya kugandisha. Dendrobium nobile ni ngumu kidogo kwa wenye huruma: baridi ikikaribia, acha mbolea kabisa na punguza maji sana. Ukiendelea kuilisha, penye maua patatoka vichipukizi vya mimea midogo.

Majira ya baridi, weka okidi mbali na kipasha joto na mbali na bakuli la matunda yanayoiva. Gesi ya ethilini itokayo kwenye matunda hudondosha matumba yakiwa hayajafunguka. Kagua pia vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, kwenye makwapa ya majani. Wafute kwa pamba yenye spiriti, urudie kila wiki.

Huko bustanini, okidi zilizolala huumizwa zaidi na majimaji kuliko na baridi. Bletilla ndiyo ya kuanzia: ipande sentimita chache chini penye udongo usiotuamisha maji, ifunike kwa majani makavu, na uyalinde machipukizi yake dhidi ya baridi ya kuchelewa. Cypripedium panda kwenye kivuli cha mchana, mizizi imetandazwa kama miguu ya buibui, macho yake, yaani sehemu za kuchipukia, yakiwa sentimita 2 au 3 chini. Usiihamishe tena. Konokono na koa wanayapenda machipukizi, kwa hiyo pita na tochi usiku.

Nunua tu zilizozalishwa kitaluni, kamwe usichimbe za porini. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti bila kuvu wa kuilisha. Mwaka 1922 mtaalamu wa mimea Mmarekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba yaweza kuoteshwa bila kuvu, kwenye rojo lenye sukari, na ndipo vitalu vikaweza kuzalisha kwa wingi. Huko Uingereza Cypripedium calceolus ilichumwa na kuchimbwa hadi ikadhaniwa imetoweka. Mwaka 1930 ukapatikana mmea mmoja Yorkshire.

Hatua ya 6: Litazame ua

Keti nalo. Tumba likiwa changa, angalia kikonyo chake: katika okidi nyingi hujisokota nusu mzunguko, ili petali ya tatu, ile iitwayo mdomo, ikae chini na kuwa uwanja wa kutua mdudu. Juu ya mdomo kuna nguzo ndogo ambamo sehemu za kiume na za kike zimeungana. Inua kifuniko cha ncha yake kwa kijiti cha meno, na kijiti kitatoka na vidonge vidogo vya manjano vimenata. Hiyo ndiyo chavua, yote pamoja, ikingoja mgongo wa nyuki. Lifanye hili kwenye ua linalokaribia kunyauka, kwani likishaguswa hivyo halikai sana.

Hatua ya 7: Maua yakianguka

Kwa Phalaenopsis yenye nguvu, kata shina la maua juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Huenda likatoa tawi jipya la maua. Kama majani ni mawili tu au yamelegea, kata shina lote la maua karibu na shina la mmea, na uiache ijenge mizizi.