Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kwa mhudumu anayetembelea familia

Anza na mkao. Nyonga na magoti yakunjwe nyuzi 90, miguu ikanyage kitu, kichwa kiinamie mbele kidogo. Akilishwa chali, au kichwa kikiwa kimerudi nyuma, uji huweza kupitia njia ya hewa. Nimonia zinazojirudia mara nyingi huanzia hapo. Kaa mbele yake, macho kwa macho. Kijiko kiwe bapa, kijae nusu, kibonyeze ulimi polepole, kisha kitoke bila kuparuza meno ya juu. Subiri ameze. Uji mzito kwa kawaida humezeka salama kuliko maji. Akikohoa, akitokwa machozi au sauti ikikoroma, acha kwanza. Akimaliza, abaki wima dakika 30.

Kisha mama amlishe, wewe utazame. Kasoro kubwa huwa ni haraka.