Jinsi ya Kujaribu Roboti Rahisi Inayogeuka Gari

Mkusanyaji aliyezoea roboti zinazogeuzwa kwa hatua ishirini au thelathini huitazama ile ya hatua moja kwa dharau kidogo, akiiona kuwa ni ya watoto wa chekechea. Mimi nakusanya na kutengeneza vichezeo hivi hapa Kampala, na nashikilia kwamba roboti rahisi ndiyo inayostahili kupimwa kwa makini zaidi, kwa sababu haina vipande vingi vya kufichia udhaifu wake: kiungo kimoja kikilegea, umbo zima limeharibika.

Hatua ya kwanza ni kutambua ulichonunua. Roboti nyingi hutufikia bila boksi, zikiwa zimechanganyika na vitu vingine vya mitumba katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, au zikiuzwa na watu mitandaoni. Muuzaji atakuuliza mtoto wako ana miaka mingapi, mjibu upendavyo. Kisha geuza kichezeo na utafute maandishi madogo chini ya gari au nyuma ya mguu, ukimulika tochi ya simu kutoka ubavuni ili kivuli cha herufi kionekane. Ukikuta majina ya Hasbro na Tomy, kampuni za vichezeo, pamoja, kichezeo hicho hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 2006, kwa kuwa ndipo kampuni za Takara na Tomy za Japani zilipoungana. Ukikuta Takara bila Tomy, huenda kina umri mkubwa zaidi, maana Hasbro ya Marekani ilianza kuuza Transformers, roboti zinazogeuka magari na vyombo vingine, mwaka 1984 kwa kutumia maumbo ambayo Takara ilikuwa tayari ikiyauza kwa majina ya Diaclone na Micro Change. Mwaka ulio kando ya alama ya hakimiliki unahusu umbo, wala hauthibitishi kwamba kipande ulichoshika kilitoka kiwandani mwaka huo, kwa hiyo usikubali kupandishiwa bei kwa ushahidi huo peke yake.

Hatua ya pili ni usafi. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, lakini usikitumbukize kichezeo chenye nafasi ya betri, wala usizisugue stika. Petroli na dawa ya kuondoa rangi ya kucha zikae mbali, kwani asetoni, ambayo mara nyingi huwemo katika dawa hiyo ya kucha, huyeyusha plastiki ngumu ya ABS, ambayo ndiyo inayotumika sana katika roboti hizi. Kiache kikauke kivulini hadi maji yote yatoke ndani ya viungo.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi yote: kuigeuza kwa mara ya kwanza. Kabla ya kuvuta chochote, tafuta kila mahali panapojongea na ujue ni kiungo cha namna gani. Kuna bawaba ya kawaida iliyoshikwa na pini ya chuma, kuna tufe lililoingizwa ndani ya kikombe, na kuna kiungo chenye meno kinachosogea kwa vituo na kutoa sauti ya tak, tak. Katika roboti nyingi za hatua moja kuna pia springi iliyozuiwa na komeo dogo, na giya zinazounganisha sehemu mbili au tatu, hivi kwamba ukivuta kichwa juu, mikono inafunguka na miguu inashuka kwa wakati mmoja. Shika mwili kwa mkono mmoja, funika sehemu ya springi kwa kiganja cha mkono wa pili, kisha achia komeo huku ukiizuia springi isifyatuke kwa nguvu zake zote. Ukiiachia polepole namna hiyo utaona ni sehemu gani inayotangulia na ni ipi inayofuata, mpangilio ambao macho hayaupati roboti inapojifungua kwa kishindo.

Ukikutana na ugumu, simama. Ugumu wa meno una mdundo na hulegea kila kituo, lakini ugumu wa kipande kilichokwama huongezeka kadiri unavyosukuma. Tazama plastiki penye kona: ikianza kuwa na mstari mweupe, inakaribia kuvunjika, na nguvu zaidi haitasaidia. Rudi nyuma kidogo, uangalie kama kuna ulimi ambao haujatoka katika tundu lake.

Kuirudisha kuwa gari ndio mtihani halisi, na hapa wengi huharakisha. Funga kwanza sehemu za ndani, kwa kawaida kichwa na mikono, ndipo ufunge zile za nje zinazoonekana kama milango au boneti. Kila ulimi uingie tundu lake kwa kubonyezwa kidogo tu. Kisha weka gari juu ya kipande cha kioo au kigae kilicho sawa na ulisukume taratibu. Magurudumu yote manne yanapaswa kugusa na kuzunguka. Moja likining'inia, mara nyingi kosa liko kwenye mguu ambao haukukunjwa hadi mwisho, wala si kwenye gurudumu lenyewe. Nyufa kati ya vipande nazisamehe katika kichezeo rahisi, ila gari lisilotembea silisamehe.

Ikiwa roboti haisimami, kagua nyonga kabla ya kulaumu nyayo. Tufe lililolegea hutibika kwa kulichomoa, kulipaka utando mwembamba wa gundi nyeupe ya mbao, na kuliacha likauke usiku kucha nje ya kikombe chake. Kiungo kilichofungwa kwa skrubu kijaribu kwanza kwa robo mzunguko wa bisibisi. Usitie mafuta mahali ambapo msuguano ndio unaoshika mkao.

Kwa anayetaka kulinganisha, roboti za Transformers ziitwazo Topspin na Twin Twist za mwaka 1985 ni mfano mzuri wa urahisi wa zamani: unazivuta nyuma, unaziachia, zinakimbia, zinaruka na kusimama zikiwa roboti. Aina ya Transformers za hatua moja iitwayo One-Step Changers, iliyotoka mwaka 2014, hufanya kazi hiyo mkononi mwako. Napendelea zile za zamani, ingawa mota zake zikichoka hazina raha tena.

Unapohifadhi, epuka dirisha lenye jua na dashibodi ya gari, kwani jua hufanya plastiki nyeupe kuwa ya manjano na joto hupinda vipande vyembamba. Roboti yenye springi iweke katika umbo ambalo springi imelegea, hata kama ulitaka kuionyesha rafu nzima ikiwa magari.